Udi wa Kutokea Eda

Panya alikuna mara ya kwanza, Mejumaa akajifanya hakusikia. Panya akakuna tena, safari hii kwa miguu yote miwili ya mbele, juu ya kibao cha bati kilichowekwa mlangoni mwa Nyumba ya Ushahidi kwa kazi hiyo tu. Alikuwa panya buku, mkubwa kama paka aliyeshiba, hana jina wala upendeleo. Kila aliyeingia kazini alisimama mbele ya kizimba chake, akanyoosha mikono, akainamisha kichwa. Kwa asiye na harufu, panya alinyamaza. Kwa aliyejitia chochote, hata marashi ya juzi, alikuna, bawabu akaandika, na mtu akarudishwa kwao.

Bawabu asubuhi ile alikuwa ng'ambo ya barabara, anabishana na muuza vitumbua. Mejumaa alitazama huku na huku, akamega kipande cha ndizi kutoka kwenye bakuli la bawabu, akakipenyeza kizimbani. Panya akaacha kukuna, akala. Basi, yalikuwa hayo tu. Mtu huweza kumuuza ndugu yake kwa kipande cha ndizi, na akapita mlangoni akishukuru Mungu.

Kuoga alikuwa ameoga. Alisugua nywele kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ya kichwa ikamuwaka, na kwa pua yake mwenyewe hakusikia kitu. Lakini pua huizoea harufu ya mwenyewe upesi sana, ndiyo maana nyumba ile iliajiri panya, haikuajiri imani.

Kazi ya humo ndani waliifanya wajane. Msidhani ni huruma. Wakubwa walihitaji watu wasionukia wala kunuka, wa kukaa karibu na shahidi, na katika Tanga nzima, mji ambao hata mchoma mishikaki anapiga pafyumu, nani asiyejitia manukato kwa amri ya dini? Mjane aliye edani. Basi Dakta Kallaghe, mkuu wa nyumba, akawa hodari wa kuhudhuria misiba. Mkono mmoja rambirambi, mkono mwingine mkataba. Mejumaa aliutia saini wake hata tanga halijavunjwa. Eda yake ilipokaribia kwisha aliomba abaki, akaapa mbele ya Dakta kwamba ataishi bila harufu kama mjane siku zote atakazokuwa kazini.

Shahidi wa siku ile alikuwa Mzee Nguvumali, mlinzi wa ghala la mkonge. Wiki kadhaa nyuma, msimamizi wa ghala hilo, bwana mmoja aitwaye Mauya, alikutwa amekufa kwa kupigwa nondo. Mlinzi alikutwa kando yake, kichwa kimepasuka, na katika kichwa hicho hakikubaki kitu cha kuwaambia polisi.

"Shikamoo, baba," Mejumaa alimwamkia huku akimvisha kofia ya nyaya.

"Marahaba, mwanangu. Itauma?"

"Haiumi. Inarudi tu."

Hakumwambia kwamba huko kurudi ndiko kunakouma.

Alifungua chupa moja moja chini ya pua ya mzee: mkonge uliolowa, grisi ya mashine, kahawa yenye tangawizi nyingi kama aliyokunywa usiku ule. Kwenye kioo ukutani ubongo wa mzee ulianza kuwaka. Mejumaa aliijua njia ile kama njia ya kisimani. Macho na masikio ni wageni: vinavyoonekana na vinavyosikika hupiga hodi kwanza, hungojeshwa katika chumba cha kati cha ubongo, ndipo hupelekwa mahali pake. Harufu ni mtu wa nyumbani, haipigi hodi. Kutoka puani hupita kwenye kifundo chake, ikaingia gamba la harufu, na hapo ni hatua moja tu kufika gamba la lango, mlango wa ghala ambamo ubongo huweka yaliyopita. Nyumba ya Ushahidi ilikuwa imejifunza kuupiga teke mlango huo.

Tatizo lilikuwa moja, na kila mjane alifundishwa siku ya kwanza. Kumbukumbu iliyofunguliwa ni tope bichi. Kabla haijakauka tena, chochote kitakachodondokea ndani yake kitakaukia humo, na mwenyewe ataapa kwa Mungu kwamba kilikuwamo tangu zamani.

"Naona taa," Mzee Nguvumali alisema. "Taa ya karabai. Mauya anahesabu marobota. Kuna mtu nyuma yake. Mauya! Mauya, geuka!"

Akaanza kulia kama mtoto, anajaribu kuzuia kwa mikono pigo lililokwisha kumpiga zamani. Kanuni ilisema: kaa mbali kwa urefu wa mkono. Lakini Mejumaa hakuwa jiwe. Aliinama, akamfuta machozi mzee wa watu, mtandio wake ukamgusa usoni.

"Tulia, baba. Tulia."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Kilio kikakatika.

"Udi," alisema. "Huyu mtu ananukia udi."

Kwenye kioo, gamba la lango liliwaka jeupe. Mashine ikaanza kunguruma, inachanganya ndani ya kichupa ile harufu iliyoisoma kichwani mwa shahidi. Mejumaa aliurudisha mwili wake nyuma polepole, kwa sababu alijua udi ule umetoka wapi.

Ulitoka Alhamisi, barazani kwake. Wifi yake Somoe alikuja na chetezo mkononi na mtoto mgongoni. Somoe alikuwa mdogo wake Mbaruku, yule marehemu mume wa Mejumaa, na alichanganya udi uliojulikana mji mzima. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa ghala lile lile la mkonge, na kila mtu aliwahi kumsikia akigombana na Mauya, aliyetaka kukibomoa. Mtoto wake alizaliwa wiki chache baada ya msiba, akapewa jina la mjomba wake.

"Wifi, usinifukize," Mejumaa alimwambia. "Nimeapa."

"Umeapa kwa nani? Kwa panya?"

"Nitafukuzwa kazi, Somoe."

"Na ufukuzwe. Mwanamke hatolewi eda akinuka sabuni ya kufulia. Kaka yangu atanicheka huko aliko. Hebu kaa, nikufunike." Akamfunika kanga mpya kichwa mpaka miguu, akasukuma chetezo chini yake. "Na huu si wa dukani. Nimeuchanganya leo asubuhi, wa chetezo kimoja tu. Nimetia kilua, ua lile alilokuwa akikuletea Mbaruku mkiwa wachumba. Mnadhani sikuwa nawaona?"

Moshi ulipopanda, Mejumaa alicheka kwa mara ya kwanza tangu azike. Angeweza kusimama na kutoka. Hakusimama, kwa kuwa alitaka kunukia kama mtu, japo siku moja. Mtoto akapiga chafya, wote wawili wakamwambia "afya, mume wangu," na Somoe akaikunja ile kanga, akamtilia sandukuni.

Kichupa kilipelekwa sokoni. Wachanganyaji watatu wa udi walikinusa, kila mmoja peke yake, na wote wakasema bila kusita: mkono wa Somoe. Mmoja akaongeza kwamba kuna kilua ndani yake, jambo ambalo hajapata kuliona katika udi anaouza Somoe. Polisi hawakuhitaji zaidi. Ugomvi ulikuwapo, kibanda kilikuwapo ukutani, na sasa harufu ilikuwapo.

Dakta Kallaghe alimwita Mejumaa ofisini, akamkaribisha kiti, akafunga mlango.

"Bi Mejumaa, unaijua adhabu ya muuaji."

"Kukatwa njia."

"Umewahi kuona ilivyoanza?" Alisema kwa upole, kama anayesimulia habari za shambani kwao. "Tulianza na panya aliyetoka kuzaa. Tulikata hapo hapo, kati ya gamba la harufu na lile la lango. Hakuumwa. Alikula, alilala, alipita njia zake zote bila kupotea. Lakini watoto wake aliwatazama kama unavyotazama maganda ya karanga. Baadaye akala wawili. Ndipo tukajua tumepata adhabu ambayo haihitaji jela."

Mejumaa aliitazama mikono yake.

"Na sheria inasema," Dakta aliendelea, "aliyechafua kumbukumbu ya shahidi hukatwa kama aliyeua. Mimi nimekaa na wajane miaka mingi. Najua siku ya kutoka eda hufanyika nini. Waswahili mmesema wenyewe, kikulacho ki nguoni mwako. Sasa mimi sikuulizi. Nikikuuliza utanijibu, na ukinijibu nitawajibika. Ila fikiri: kila shahidi uliyemshika mkono, kuna mtu aliyetiwa hatiani kwa neno lake. Watu hao wameshakatwa. Ukisema ulinukia siku moja, nani ataamini kuwa hukunukia siku nyingine? Utawarudishia nini?"

Alimfungulia mlango mwenyewe, akamtakia alasiri njema.

Nyumbani, Mejumaa alitoa chini ya mto shati la Mbaruku, lile alilolivua siku ya mwisho na ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifua. Alilifungia katika mfuko wa nailoni lisipoteze harufu, na kila siku alijiruhusu pumzi moja tu. Alivuta. Mbaruku akaja, kama alivyokuja siku zote: jasho, tumbaku kidogo, mafuta ya nazi, na mkono wake mzito juu ya bega, anauliza kuna nini cha kula. Haikuwa picha. Alikuwa yeye. Wakimkata njia, shati lile litakuwa tambara chafu, na Mbaruku atakuwa jina kwenye cheti cha ndoa.

Akasema moyoni: kesho nitasema ukweli. Wallahi alikusudia. Watu waoga hukusudia mema mengi kuliko sisi sote.

Kesho yake baraza la hukumu lilijaa. Somoe alisimama kizimbani bila kulia, titi limejaa maziwa, maana mtoto aliachwa nje na jirani.

"Udi ni wangu, sikatai," alisema. "Hata ukinifumba macho nitaujua. Lakini mheshimiwa, huo nimeuchanganya Alhamisi iliyopita. Marehemu Mauya alishazikwa, hata arubaini yake imesomwa. Nilimfukiza wifi yangu nikimtoa eda, na haujapata kufukizwa mtu mwingine. Basi huyo mzee ameunusa kwake, hapo hapo kwenye mashine yenu. Wifi yangu yule pale. Muulizeni."

Akageuka kumtazama Mejumaa, akatabasamu, ametulia kabisa, kama mtu aliyemwachia jirani ufunguo wa nyumba.

Bawabu aliitwa kwanza. Aliapa kwamba asubuhi ile alikuwa mlangoni na panya hakukuna hata kidogo. Naye alikuwa na vitumbua vyake vya kuficha.

"Bi Mejumaa Singano," hakimu aliuliza, "ulifukizwa udi na mshitakiwa?"

Mejumaa alifungua mdomo. Dakta Kallaghe, mstari wa mbele, alikuwa akifuta miwani yake kwa utulivu mkubwa. Kwa muda ule mfupi Mejumaa hakumfikiria Somoe wala mtoto. Aliufikiria mfuko wa nailoni.

"Hapana, mheshimiwa. Alitaka, nikamkataza. Nina kiapo."

Somoe hakuelewa. Alidhani mwenzake ameogopa watu, au hakusikia swali vizuri.

"Sema, wifi," alimhimiza kwa sauti ya chini, ile ya kumkumbusha mtoto maneno ya salamu. "Sema tu. Hakuna neno."

"Nimeshasema."

Ndipo Somoe alipoelewa. Uso wake haukukasirika, na laiti ungekasirika. Ulijaa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa na jambo baya, akatazama chini mpaka walipomtoa.

Kanuni ya chumba cha kukatia ilitaka mkono wa mhukumiwa ushikwe na mtu asiye na harufu. Siku ile wajane wengine wote walikuwa na mashahidi, au walisema wanao. Mejumaa alioga mara tatu. Mlangoni, panya alinyamaza.

Walimlaza Somoe chali, wakamwingizia puani uzi mwembamba wa kioo wenye mwanga nchani. Dakta aliruhusu mtoto aletwe kabla na baada, apate kulinganisha. Kabla, Somoe aliuzika uso wake utosini mwa mwanawe, akavuta, akavuta tena, mpaka walipombandua kwa nguvu. Kisha akampa Mejumaa mkono.

"Una baridi, wifi," alisema. Hilo tu.

Uzi uliwaka. Hakukuwa na damu, na kazi nzima ilikuwa fupi kuliko kuchemsha chai. Kwenye kioo, gamba la harufu liliendelea kung'aa upande mmoja, na lango likawa giza upande wa pili, kama nyumba mbili za mtaa mmoja baada ya waya kukatwa.

Mtoto akarudishwa kifuani pake. Akalia, na kwa kilio kile maziwa yakamtoka Somoe, yakalowesha gauni. Aliyatazama kwa mshangao mdogo, kama mtu aliyeona paa linavuja katika nyumba ya kupanga.

"Unamjua huyu?" Dakta aliuliza.

"Namjua. Ni mwanangu, anaitwa Mbaruku. Nakumbuka kumzaa." Aliyasema vizuri, hakukosea hata moja, kama anayeonyeshwa ramani akataja mito. Kisha akamnyoosha mtoto kwa mikono miwili, mbali na mwili wake. "Mchukueni basi. Ananilowesha."

Dakta akaandika kwamba njia imekatika vyema.

Waliokatwa hawakufungwa. Walirudishwa kwao siku ile ile, na Somoe hakuwa na kwao isipokuwa kwa Mejumaa, kwa sababu kibanda chake kilikwisha kubomolewa, na mwenye nyumba aliyompangisha hakutaka muuaji. Mejumaa akawapokea yeye na mtoto. Majirani wakamsifu: mwanamke ana moyo, mtu aliyemsingizia uongo kizimbani anamlisha ugali wake. Alizipokea sifa hizo.

Somoe alikuwa mgeni asiye na usumbufu. Alifagia, aliteka maji, alimpa mtoto titi alipoambiwa ni wakati wake. Alikuta mkoba wake wa zamani wenye vijiti vya udi, sukari na ubani, akauliza kama vinafaa kuwashia jiko. Alioga kwa sabuni ya kufulia, akanuka hivyo hivyo. Na hapo ndipo palipotokea jambo ambalo Dakta hakuliandika: mtoto naye alimkana mama. Pua yake mwenyewe ilikuwa nzima, njia haijaguswa, na mwanamke huyu wa sabuni hakuwa yule aliyemjua. Akipewa titi aligeuza uso na kupiga kelele. Alikataa la mama, akakataa chupa, akakataa uji. Akakonda mpaka utosi ukabonyea.

Mejumaa alimkimbilia Mbaruku wake. Alifungua mfuko, akavuta ile pumzi moja. Mume akaja: jasho, tumbaku, mafuta ya nazi, mkono juu ya bega. Lakini nyuma yake alikuja mtu mwingine, anasema kwa sauti ya chini, sema, wifi, sema tu. Akavuta pumzi ya pili, ambayo hakujiruhusu kamwe. Sauti ikaja tena, karibu zaidi. Alikumbuka tope bichi. Kila aliponusa tangu siku ya baraza alikuwa akiifungua kumbukumbu ile huku moyo wake umejaa Somoe, na Somoe alikuwa amekaukia humo. Mbaruku hakuja tena peke yake. Mejumaa aliketi kitandani akalia kwa uchungu na kwa hasira, hasira ya mtu aliyeuza ng'ombe kununua ndama, akaletewa kamba.

Mtoto alikuwa akilia chumba cha pili, sauti imekwisha kumkauka. Mejumaa alifungua sanduku. Kanga ile ya kutokea eda ilikuwa chini kabisa, bado imekunjwa kwa mkono wa Somoe, na ilipofunguka udi na kilua vilijaa chumba. Alijua maana yake. Kesho panya atakuna, na bawabu siku hizi hatoki mlangoni. Kama panya atakuna kesho, watu wataanza kujiuliza habari za jana.

Akajifunga kanga, akaenda kumchukua mtoto.

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio. Pua yake ilicheza. Alizika uso katika kanga, akashika upindo kwa ngumi zote mbili, akaanza kutafuta ziwa, kwa pupa, kwa shukrani, akalipata lile la Mejumaa lisilo na kitu, akanyonya hivyo hivyo, macho yamefumba. Akiachia kidogo kwa kukosa maziwa, alinusa tena, akarudi. Hakuna aliyeweza kumwambia kuwa amekosea.

"Somoe!" Mejumaa aliita. "Njoo, jifunge hii kanga, mnyonyeshe mwanao. Njoo upesi."

Somoe alisimama mlangoni, beseni la nepi kiunoni, povu mpaka viwikoni. Alivuta pumzi. Kwa kitambo kidogo Mejumaa aliutazama uso ule, akiomba Mungu aone kitu chochote humo, hata chuki.

"Unanukia vizuri, wifi," Somoe alisema. "Nani kakuchanganyia?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi tena, na safari hii hapakuwa na hakimu wala Dakta, palikuwa na wao wawili na mtoto tu.

"Nimenunua sokoni," Mejumaa akajibu.

"Haya. Namaliza kuanika, nakuja," Somoe alisema, akaenda zake uani na beseni lake.